Sura ya Tano: Jina Lifunikwe Kwanza

Tarehe 24 Mei 1976, katika hoteli ya InterContinental jijini Paris, Wafaransa tisa waliotajika sana katika mambo ya mvinyo waliketi mezani, kila mmoja na glasi yake, karatasi ya alama na kalamu. Aliyewaalika alikuwa Mwingereza, Steven Spurrier, mwenye duka la mvinyo na shule ya kuonja mjini humo, akishirikiana na Mmarekani Patricia Gallagher. Mwaka huo Marekani ilikuwa ikitimiza miaka 200 ya uhuru, na wawili hao waliona ni nafasi nzuri ya kuwaonjesha wenyeji wao mvinyo wa California. Hawakukusudia kumwaibisha mtu. Spurrier aliishi kwa kuuza mvinyo wa Kifaransa, na kwa upande wa Ufaransa aliweka mezani chupa alizoamini kwamba hazina mpinzani. Majina yote yalifichwa. Spurrier na Gallagher walionja pia, lakini alama zao hazikuhesabiwa.

Waamuzi wenyewe hawakuwa watu wa kuokoteza. Aubert de Villaine alitoka Domaine de la Romanée-Conti, shamba ambalo wapenzi wa mvinyo hulitaja kwa sauti ya heshima. Odette Kahn alikuwa mhariri wa La Revue du vin de France. Pierre Tari alikuwa na shamba lake, Château Giscours, huko Bordeaux. Jean-Claude Vrinat alimiliki mgahawa wa Taillevent, Raymond Oliver alikuwa mpishi mkuu wa Le Grand Véfour, na Christian Vannequé alisimamia mvinyo wa La Tour d'Argent. Hakuna aliyeweza kusema kwamba hawa hawajui kuonja.

Walianza na mvinyo mweupe. Spurrier akatangaza matokeo yake kabla ya raundi ya mvinyo mwekundu, na ulioshika nafasi ya kwanza ulikuwa Chateau Montelena wa 1973, kutoka Napa, California. Hapa ndipo kisa hiki kinaponivutia zaidi, kuliko hata pale mwishoni ambapo watu hupenda kupasimulia. Walioinua glasi za mvinyo mwekundu walikuwa walewale kwa sura, lakini sasa walikuwa na jambo moyoni. Wameshajua kwamba Mmarekani anaweza kuwapita bila wao kutambua. Ni vigumu kuamini kwamba tangu hapo kila glasi haikupimwa mara mbili, kwanza kwa swali la inatoka wapi, na baada ya hapo ndipo kwa swali la ni nzuri kiasi gani.

Mezani palikuwa na chupa kumi nyekundu: sita za California na nne za Bordeaux. Hizo nne zilikuwa Mouton-Rothschild, Haut-Brion na Montrose, zote za mavuno ya 1970, pamoja na Léoville Las Cases ya 1971. Alama za juu kabisa zilikuwa 20. Zilipojumlishwa, wa kwanza ulikuwa Stag's Leap Wine Cellars wa 1973, nao Mouton-Rothschild ukaufuata kwa tofauti ndogo mno, kisha Montrose, kisha Haut-Brion. Odette Kahn aliomba arudishiwe karatasi zake za alama, Spurrier akakataa. George Taber wa jarida la Time, mwandishi wa habari pekee aliyehudhuria, aliandika habari fupi, na kwa habari hiyo fupi biashara ya mvinyo duniani ikageuka.

Mvinyo ulioshinda ulitokana na mizabibu iliyopandwa mwaka 1970. Aliyeutengeneza, Warren Winiarski, alikuwa mtu wa chuo kikuu huko Chicago kabla ya kuhamia California na familia yake mwaka 1964. Mkulima wa Bordeaux angekuambia kwamba mzabibu wa miaka mitatu haujafikia umri wa kutoa mvinyo wa maana. Na kwa upande wa pili wa meza palikuwa na heshima ya zaidi ya karne moja. Mwaka 1855, kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia yaliyofanyika Paris enzi za Napoleon III, madalali wa Bordeaux walipanga mashamba yao katika madaraja matano, na kigezo chao kikubwa kilikuwa bei ambayo mvinyo wa kila shamba ulikuwa ukiuzwa. Mpangilio huo ungali unaandikwa kwenye lebo hadi leo. Mouton wenyewe ulipandishwa kutoka daraja la pili hadi la kwanza mwaka 1973, badiliko la nadra sana katika orodha hiyo. Bei ikazaa daraja, daraja likazaa bei, na mnunuzi akifungua chupa ya namna hiyo anakuwa amekwisha kuambiwa nini cha kuhisi.

Mimi ninapoutazama mkeka wa matokeo ya siku ile, jicho langu haliendi kwa mshindi. Linaenda kwenye safu za alama. Kuna mvinyo uliopewa alama chini ya 5 na mwamuzi mmoja huku mwingine, kwenye meza ileile, akiupa zaidi ya 15. Ukichukua wastani wa alama kama hizo unapata namba ya katikati ambayo haisemi hisia ya yeyote kati ya hao wawili. Mmoja alichukizwa, mwingine alifurahi, na karatasi ikaandika kwamba mvinyo ni wa kawaida.

Kisha muda nao ukatoa hukumu yake. Waliotetea Bordeaux walikuwa na hoja moja nzito: mvinyo wa California unapendeza ukiwa mchanga lakini hauna nguvu ya kuzeeka, kwa hiyo tusubiri. Wakasubiri. Katika marudio ya mwaka 1986 huko New York, ulioongoza ni Clos du Val wa 1972, ambao mwaka 1976 ulikuwa wa nane. Tarehe 24 Mei 2006, miaka 30 kamili baada ya siku ile, chupa za mavuno yaleyale zilifunguliwa kwa wakati mmoja London na Napa. Nafasi tano za kwanza zote zilichukuliwa na California. Uliotangulia ulikuwa Ridge Monte Bello wa 1971, kutoka milima ya Santa Cruz, uliokuwa wa tano mara ya kwanza. Mayacamas wa 1971, ambao mwaka 1976 ulikuwa nyuma huko, ulipanda hadi nafasi ya tatu.

Sasa nani alikosea? Naamini hakuna. Mvinyo mwekundu uliotengenezwa ili ukae huwa mgumu, umejifunga, na mkali katika miaka yake ya mwanzo. Mwonjaji wa 1976 aliyeunyima Mayacamas alama alisema kweli kuhusu kilichokuwa kwenye glasi siku hiyo. Tatizo huja pale hukumu ya siku moja inapogeuzwa kuwa cheo cha maisha. Ndiyo maana katika daftari langu siandiki alama bila kuandika mwaka wa mavuno, tarehe ya kufungua chupa, na kama ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa au imekaa wazi saa kadhaa.

Nihamie mdomoni, maana ndiko mvinyo mwekundu unakotengana na mweupe. Maganda, kokwa na vikonyo vya zabibu vina tanini, na pipa la mwaloni huongeza yake. Mvinyo mweupe hukamuliwa na kutenganishwa na maganda mapema, mwekundu huchachuka pamoja nayo kwa siku nyingi, ndipo unapopata rangi na ukakasi. Tanini ikiingia mdomoni hushikana na protini za mate. Mate hupoteza utelezi, na ulimi unaanza kusuguana na kaakaa. Aliyekula bibo, au aliyekunywa chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni na majani yake ndani, anaujua ukakasi huo vizuri kuliko maelezo yoyote.

Jambo ambalo wanywaji wengi hawalitilii maanani ni kwamba ukakasi huongezeka funda kwa funda. Mdomo unaoonja glasi ya sita hauko sawa na ule ulioonja ya kwanza. Mate yamekwisha kutumika, ufizi umekauka, na mvinyo wa sita unalipa deni la mitano iliyotangulia. Nimeona chupa nzuri zikidharauliwa kwa sababu tu zilipangwa mwisho. Dawa yake si ngumu: maji, kipande cha mkate usio na chumvi nyingi, dakika chache za kungoja, na zaidi ya yote kurudia ukianzia mwisho kwenda mwanzo. Ikiwa glasi ya sita imebaki kali hata ilipoanza yenyewe, hapo una haki ya kuandika kwamba ni kali.

Kiasi cha ukakasi hakinisumbui sana. Naangalia tabia yake. Ukakasi mzuri huushika ulimi wote sawasawa, hukaa kidogo, kisha huachia na kuiacha harufu ya tunda iendelee. Ukakasi mbaya hung'ang'ania kwenye ufizi wa mbele na ndani ya mashavu, na ukimeza unaacha uchungu wa kokwa iliyotafunwa. Huo wa pili mara nyingi hutokana na zabibu zilizochumwa kabla kokwa hazijaiva, au zilizokamuliwa kwa nguvu mno, na hakuna umri wa chupa utakaouponya. Kutofautisha hivi viwili ndiyo nusu ya kazi ya kuhukumu mvinyo mwekundu mchanga. Ukiweza, hutashangazwa na Ridge au Mayacamas baada ya miaka 30, kwa kuwa utakuwa umekwisha kuona kwamba ugumu ule ni wa ujana na si wa kasoro.

Uchachu unapimwa kwa mate pia, lakini kinyume chake. Meza funda, inamisha kichwa kidogo, sikiliza pembe za taya. Mate yakijaa upesi, mvinyo una uchachu wa kutosha kuubeba. Yasipokuja, utakuta mvinyo umelala, mzito, hauna uhai, hata kama harufu yake ni ya kuvutia. Mvinyo mwingi wa nchi za joto kali huangukia hapa, kwa sababu zabibu zinavyoiva juani ndivyo zinavyopoteza uchachu na kuongeza sukari, na sukari hiyo ndiyo inayogeuka kuwa kilevi.

Na joto la kinywaji chenyewe! Hapa ndipo wasomaji wangu wa Dar es Salaam, Mombasa na Muscat wanapodhulumiwa na vitabu. Imeandikwa kila mahali kwamba mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba. Chumba kilichokusudiwa ni cha Ulaya, tena cha zamani, chenye nyuzi 16 hadi 18. Mvinyo uliokaa kabatini Kariakoo mwezi wa Februari una nyuzi 30, na kwa nyuzi hizo kilevi hupanda puani na kuchoma, tunda hunuka kama lililopikwa, na kila kitu huonekana kimelegea. Weka chupa kwenye friji saa moja hadi mbili kabla ya kufungua. Usiisahau humo usiku kucha, maana ikitoka na nyuzi 6 harufu inafungwa na ukakasi unakuwa kama umenolewa. Ninashawishika kwamba sehemu kubwa ya watu wa pwani wanaosema hawaupendi mvinyo mwekundu hawajawahi kuupata ukiwa na joto lake.

Pua nazo hazifanani, na hili limethibitishwa vizuri. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walitambua kemikali inayoupa mvinyo wa Shiraz harufu ya pilipili manga. Inaitwa rotundoni, na ndiyo hiyohiyo iliyomo katika pilipili manga yenyewe. Walipowapima watu, takriban mmoja kati ya watano hakuweza kuinusa hata ilipowekwa kwa wingi. Waketishe mezani mtu anayeinusa na mtu asiyeweza kuinusa, wape glasi moja ya Shiraz, kisha uwaulize. Mmoja atazungumzia viungo na ukali wa kupendeza, mwingine atazungumzia zambarau na basi. Wote wawili ni wakweli. Baadhi ya ugomvi tunaouita wa ujuzi ni wa maumbile.

Macho yana udanganyifu wao. Huko Bordeaux, Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu waliwapa wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo glasi mbili, nyeupe na nyekundu, wakawaomba waeleze harufu. Glasi nyekundu ilikuwa na mvinyo uleule mweupe, umetiwa rangi isiyo na harufu. Wanafunzi wakaieleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu: matunda meusi, matunda mekundu, viungo. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2001, na tangu hapo umetumika mara nyingi kuwabeza waonjaji. Mimi nausoma kwa namna nyingine. Wanafunzi wale hawakuwa wajinga. Walifanya kile ambacho akili zetu zote hufanya: jicho lilitangulia, likatoa orodha ya maneno, na pua ikachagua ndani ya orodha hiyo. Ikiwa rangi peke yake ina nguvu hiyo, hebu fikiria jina, bei, picha ya jumba la kifahari kwenye lebo, na sauti ya mwenyeji wako anayekuambia kwamba chupa hii alikuwa ameitunza kwa ajili yako.

Huyo mwenyeji namfahamu. Tulikuwa Dar es Salaam, watu wa familia na marafiki, chupa zimefungwa kwa gazeti na mipira, zimeandikwa namba. Shemeji yangu alikuwa amerudi safari na chupa mbili za Bordeaux za shamba moja na mwaka mmoja, akaiingiza moja katika mchezo. Ikapata alama za chini kuliko zote. Yeye mwenyewe, bila kujua, alikuwa ameiandikia kwamba haina tunda na inanuka kama boksi lililolowa mvua. Gazeti lilipotolewa alinyamaza kwa muda.

"Shemeji, mvinyo haukukosea," nikamwambia. "Kizibo hicho."

Hakuniamini. Akaingia ndani, akaleta ile ya pili, akaifungua mbele yetu. Zambarau, majani ya tumbaku, ukakasi mwororo, kila kitu kilichokuwa kimekosekana kikawa mezani.

Kilichoiharibu chupa ya kwanza kinaitwa TCA. Hutokea pale kuvu wanaoishi kwenye gome la kizibo wanapokutana na kemikali zenye klorini. Mswisi Hans Tanner ndiye aliyeitambua kuwa chanzo cha harufu hiyo, mwaka 1981. Haina madhara kwa afya, lakini nguvu yake inatisha: nanogramu chache tu katika lita moja zinatosha kuharibu chupa. Ikiwa nyingi, utasikia ile harufu ya boksi bichi, gazeti la stoo, kitambaa cha deki ambacho hakikuanikwa. Ikiwa kidogo ndipo ina hatari zaidi, kwa maana haitoi harufu ya kuieleza. Inafuta tu tunda. Mvinyo unabaki mkavu, bubu, hauna kosa unaloweza kulionyesha kwa kidole, na mnywaji anaondoka akisema shamba lile halina lolote. Chupa inayofuata kwenye sanduku hilohilo inaweza kuwa salama kabisa. Kwa hiyo mvinyo uliosifiwa na watu unaowaamini ukikuvunja moyo, usilitupe jina lake kabla ya kuonja chupa nyingine.

Kasoro nyingine hazihitaji maneno mengi. Harufu ya siki au ya rangi ya kucha ni bakteria na hewa. Mvinyo mwekundu uliogeuka kahawia na kunuka zabibu kavu mapema kuliko umri wake umepikwa na joto, na kwenye maduka yetu yanayopanga chupa dirishani juani hili ni la kila siku. Ipo moja tu ambayo wajuzi hawajaacha kubishania: chachu iitwayo Brettanomyces, inayoleta harufu ya zizi la farasi, ya ngozi, ya plasta ya hospitali. Kuna mvinyo wa heshima kubwa Ufaransa uliojengewa sifa na harufu hiyo kwa kiasi, na kuna watengenezaji wa Australia wanaoifukuza kama ugonjwa. Mimi niko upande wa hao wa pili. Ikishazidi, mvinyo wa mashamba yote hunuka namna moja, na mvinyo uliopoteza mahali pake hauna sababu ya kunigharimu.

Sasa kuna swali ambalo mwonjaji yeyote wa kweli lazima ajiulize, nalo aliliuliza Robert Hodgson, profesa mstaafu aliyekuwa pia mtengenezaji wa mvinyo huko California. Chupa zake zilikuwa zikipata medali kwenye shindano moja na kutupwa kwenye jingine. Akaomba ruhusa kwa waandaaji wa shindano la maonyesho ya jimbo la California, na kuanzia mwaka 2005 akawa anapenyeza mezani mvinyo uleule, kutoka chupa ileile, mara tatu, kwa namba tofauti, katikati ya glasi nyingine nyingi. Waamuzi walikuwa wazoefu. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2008 yanaonyesha kwamba takriban mmoja tu kati ya kumi ndiye aliyeweza kuupa mvinyo huo medali ya kiwango kilekile mara zote tatu. Wengine waliupa dhahabu hapa na shaba pale. Na aliyekuwa imara mwaka mmoja hakuwa lazima imara mwaka uliofuata.

Watu wengi wakisikia haya husema basi, kuonja ni ubabaishaji. Siwezi kukubali. Mvinyo wenye siki haujawahi kupata dhahabu kwa bahati, na Freemark Abbey wa 1969 uliokuwa wa mwisho mwaka 1976 ulikuwa wa mwisho pia mwaka 2006, kwa waamuzi ambao karibu wote walikuwa wapya. Kinachopotea ni ile tofauti nyembamba ya kati, alama 14 dhidi ya 15, shaba dhidi ya fedha, na hapo ndipo biashara yote ya vibandiko vya medali inapojengwa. Ninachokifanya mimi ni kumuiga Hodgson nyumbani. Katika kila meza ya kuonja, mvinyo mmoja huwekwa mara mbili kwa namba mbili, na anayezipanga glasi haonji. Alama zangu mbili zikiachana sana, nafuta kazi ya jioni hiyo yote. Zikikaribiana, naziamini kwa kiasi cha umbali uliobaki kati yake.

Kwa mtu anayeanza, weka chupa tatu tu, zilizofungwa gazeti hadi shingoni. Moja iwe ya bei unayoimudu kila mwezi, moja iwe ghali kidogo kuliko unavyozoea, ya tatu ichaguliwe na mtu mwingine bila kukuambia. Nusa zote kabla ya kuonja hata moja. Andika kabla ya kuzungumza, kwa sababu anayesema wa kwanza mezani huwapa wengine maneno. Tema kadiri uwezavyo, kilevi ni mwamuzi mkarimu mno. Kisha funua gazeti, na hapa ndipo wengi huacha mapema: baada ya kujua majina, onja tena zote tatu. Raundi ya pili inakufundisha jambo ambalo ya kwanza haikuweza. Unaisikia kabisa chupa ghali ikipanda mdomoni mwako kwa sababu ya jina, na unapata kujua ni kiasi gani cha furaha yako kilitoka kwenye lebo. Furaha hiyo ni ya kweli, sina ugomvi nayo. Nataka tu ijulikane imetoka wapi.

Nilipofanya hivi kwa mvinyo wa Dodoma ndipo nilipoelewa kwamba tumeuhukumu vibaya kutoka pande zote mbili, waliousifu kwa uzalendo na walioudharau kabla ya kuunusa. Mizabibu ya Dodoma ilipandwa na wamisionari wa Kikatoliki huko Bihawana, na leo iko Hombolo, Mpunguzi, Makutupora na kwingineko, kwenye ardhi kavu iliyo juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Kule Bordeaux mzabibu hulala miezi ya baridi na kuvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya kuulaza. Mkulima hupogoa matawi, mti unachipua upya na kuzaa, na hivyo huvuna mara mbili: mara moja karibu na Machi, mara nyingine karibu na Agosti na Septemba.

Mavuno hayo mawili hayawezi kuwa mvinyo mmoja. La Machi linaiva mvua zikiwa bado zinanyesha. Zabibu hunywa maji, huvimba, sukari na rangi huzimuliwa, na ukungu hushambulia mashada. La Agosti linaiva katikati ya kiangazi, anga kavu, usiku una ubaridi, maganda mazito. Katika glasi nilizoonja kwa kufunikiwa, pale nilipohakikishiwa na mtengenezaji kwamba zabibu ni za kiangazi, nimekuta mvinyo mkavu wa Makutupora wenye rangi nzito, zambarau, kidogo ya ngozi, na ukakasi unaoshika na kuachia inavyopaswa. Umewahi kuzipita chupa za kigeni za bei ya juu kuliko wake, mezani mwangu, mbele ya watu waliokuwa wameapa kwamba haiwezekani. Na nimekuta pia chupa nyekundu za huko huko zilizokuwa maji matupu yenye rangi, au zilizotiwa sukari kiasi cha kuficha kila kitu, tanini, uchachu na kasoro kwa pamoja.

Mnunuzi anayesimama dukani hawezi kuzitofautisha. Chupa nyingi nilizoshika zinataja kiwango cha kilevi na jina la mtengenezaji, wala hazisemi zabibu zilichumwa mwezi gani, na baadhi hazisemi hata mwaka. Kwa shamba la Bordeaux mwaka unatosha, kwa kuwa wana mavuno mamoja. Sisi tunahitaji mwaka na msimu: kiangazi au masika, kwa herufi zinazosomeka, mbele ya chupa. Haimgharimu mtengenezaji zaidi ya mstari mmoja wa wino, na wakulima wanaovuna Agosti wataanza kulipwa kwa kile walichokizalisha.